Deheni, Kamba na Msumari: Suala la Kutu katika Vyombo vya Pwani

Al-Masudi, aliyesafiri kati ya Qanbalu na Omani mnamo mwaka 916, aliandika kwamba vyombo vya bahari hii havikupigwa misumari ya chuma, kwa kuwa maji huila misumari ikadhoofika. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi, kisha zikapakwa shahamu na chokaa. Maelezo haya yana uzito kuliko ngano za milima ya sumaku ivutayo misumari. Hata hivyo hayatoshi. Bahari ya Rumi nayo ni ya chumvi, na huko misumari ilitumika. Ibn Battuta, katika karne ya 14, alitoa sababu nyingine: chombo kilichoshonwa hunepa kigongapo mwamba, ilhali cha misumari huvunjika. Wala haielekei kwamba pwani ilikosa chuma, kwani al-Idrisi, mnamo 1154, alitaja machimbo ya chuma ya Malindi.

Lililo muhimu zaidi ni mpako wenyewe, ambao Kiswahili huuita deheni, neno lenye asili ya Kiarabu kama lilivyo shahamu. Chokaa ikichanganywa na mafuta ya mnyama huzaa namna ya sabuni isiyoyeyuka majini. Tena chokaa ni kinyume cha asidi: chuma kilichozungukwa nayo hujivika utando mwembamba uzuiao kutu, kama ilivyo nondo ndani ya zege. Chumvi huuharibu utando huo, na ndiyo maana kudeheni hakukuwa kazi ya mara moja. (Mbao nazo hazilingani: msaji una mafuta yake wala haudhuru msumari, lakini mwaloni wa Ulaya una asidi ilayo chuma.)

Kwa hiyo mpako uliobuniwa kwa ajili ya mshono ulikuwa tayari kuupokea msumari. Mitepe ya visiwa vya Lamu iliendelea kushonwa hadi karne ya 20, huku majahazi ya misumari yakizidi kuenea. Kamba ilipoondoka, mafundi hawakuhitaji neno jipya. Deheni iliyokinga kamba ikakinga ubao na msumari. Mwanahistoria akutanaye na neno hilo katika matini kongwe hana budi kutafuta ushahidi mwingine kabla ya kuamua kwamba chombo kinachotajwa kilishonwa au kilipigwa misumari.