Vipande, Tabaka na Cherehani: Historia ya Kujifunza Kushona Kusini mwa Maniema

Mfarishi, yaani tandiko la kitandani lenye tabaka tatu, huundwa kwa uso uliounganishwa kutokana na vipande vya vitambaa, pamba inayojazwa katikati, na bitana inayoufunika upande wa chini, kisha tabaka zote hupitiwa na mistari ya mishono ili pamba isihame wala kujikusanya pembeni. Katika maeneo ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema huko mashariki mwa Kongo, pamoja na mji wa Salamabila uliokua kando ya mgodi wa dhahabu wa Namoya, ushonaji wa namna hii haukupata umaarufu ulioupata Marekani, lakini stadi zake tatu, yaani kuunga vipande, kushikamanisha tabaka na kuendesha cherehani, zote zina historia ndefu huko Kongo. Historia hiyo inaonyesha kwamba aliyeweza kujifunza hakuamuliwa na chombo peke yake, bali pia na kundi lililokuwa tayari kumpokea, na kwa sharti gani.

Kuunga vipande ndiko kulikotangulia. Kabla ya nguo za pamba kuenea, watu wa bonde la Kongo walifuma vitambaa kwa nyuzi za miwale, miti ya jamii ya mitende ambayo majani yake machanga huchanwa na kukaushwa, na kwa kuwa urefu wa kitambaa haukuweza kupita urefu wa jani, kila nguo kubwa ililazimika kuundwa kwa kuunganisha mapande madogo. Mapande hayo, yaliyoitwa viramba katika Kiswahili cha misafara, yalitumika pia kama fedha ya kulipia bidhaa. Miongoni mwa Wakuba wa Kasai, ambao kazi yao ya miwale inajulikana zaidi kuliko ya majirani wao, wanaume hufuma na wanawake hutarizi na kubandika viraka vya mapambo, hivi kwamba nguo moja hupita katika mikono ya watu wengi, na mwanafunzi hujifunza akiwa ndani ya ukoo wake.

Stadi ya pili iliingia pamoja na misafara iliyotoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kupita Kabambare kuelekea Nyangwe, mji wa mto Lualaba ambao David Livingstone aliufikia mwaka 1871. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, alipoifanya Kasongo kuwa makao yake katika miaka ya 1870, mji huo uliingia katika biashara iliyoleta amerikani, kitambaa cheupe cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikotoka, na kaniki, kitambaa kilichotiwa nili. Navyo vilipimwa kwa shuka, yadi mbili, na kwa doti, yadi nne. Biashara hiyo hiyo ndiyo iliyobeba pembe na watumwa, kwa hiyo nguo ilikuwa alama ya cheo kabla ya kuwa stara ya kila mtu, na waliojiita waungwana walijitofautisha na wengine kwa kanzu na kofia. Kofia iliyotariziwa ya pwani ni jamaa ya mfarishi kwa ufundi, kwa sababu tabaka mbili za kitambaa hushikamanishwa kwa mishono midogo inayochora pambo. Utawala wa wafanyabiashara hao wa misafara ulivunjwa mwaka 1893, majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipoiteka Nyangwe na kisha Kasongo, lakini vazi lao lilibaki.

Pamba yenyewe ilipolimwa nchini, haikumfikia mshonaji kwa njia ya moja kwa moja. Kuanzia mwaka 1917 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ililazimisha kilimo chake, na Maniema ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Mkulima aliuza zao kwa bei aliyopangiwa, kisha akanunua nguo dukani. Cherehani, ambayo kampuni ya Singer ilianza kuiuza kwa malipo ya awamu huko Marekani katika miaka ya 1850, iliendeshwa kwa mkono au kwa pedali, hivyo iliweza kufanya kazi mahali pasipo na umeme. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki na Kongo ilikaa barazani mwa duka, mbele ya fundi mwanamume, na mwanagenzi alilipia mafunzo kwa utumishi: alifagia, alipiga pasi na kukunja mapindo kwa muda mrefu kabla ya kukabidhiwa mkasi.

Wanawake walifunguliwa mlango mwingine. Masista wa misheni walifundisha kushona pamoja na dini na usafi wa nyumba, na serikali ya kikoloni ilianzisha vituo vya jamii vya wanawake wa mijini, kama kile cha Usumbura, Bujumbura ya leo, kilichofanya kazi kuanzia mwaka 1946 hadi 1960. Humo mwanamke alipokelewa kama mke anayefunzwa kutunza nyumba, akifundishwa kutia viraka, kufuma sufu na kupiga pasi, si kama fundi anayejiandaa kuwa na wateja wake.

Mtazamo huo ulibadilika katika vita vilivyoanza mwaka 1996. Huko Bukavu, hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, iliunganisha matibabu ya wanawake walioteswa na mafunzo ya kazi, ushonaji ukiwemo, kwa hoja kwamba mtu aliyepona bila riziki hajapona sawasawa. Hoja hiyo ina uzito Salamabila, ambako uchimbaji wa kiviwanda wa Namoya ulisimama mwaka 2019 kwa sababu ya ukosefu wa usalama, kwa kuwa kazi isiyotegemea mgodi huweza kuhamishwa pamoja na mwenyewe.

Ushonaji wa mfarishi kwa cherehani unadhihirisha kwa nini kundi linahitajika. Anayeanza hupiga bandi kwanza, yaani hushikiza tabaka kwa mishono mirefu ya muda, kisha hushona mistari iliyonyooka kutoka katikati kwenda pembeni, akilegeza au kukaza uzi hadi ule wa juu na ule wa bobini ukutane ndani ya pamba. Mzigo wa kitambaa huivuta sindano ikapinda, na vipande vya kutosha uso mzima si rahisi kupatikana katika nyumba moja. Wanawake Weusi wa Alabama walioanzisha ushirika wa Freedom Quilting Bee mwaka 1966 waligeuza ulazima huo kuwa nguvu ya kujipatia kipato.

Kwa hiyo, katika karne moja na nusu mwanafunzi wa Maniema amekaribishwa kama mtoto wa ukoo, kama mtumishi wa fundi na kama mke wa kufunzwa adabu za nyumba, na kila ukaribisho ulikuja na mpaka wa kile alichoruhusiwa kushona. Kundi linalompokea mtu kwa sababu tu anataka kujifunza, na kumwachia achague mwenyewe kama mfarishi wake utatandikwa kitandani au utapelekwa sokoni, ni jambo jipya katika historia hiyo kuliko cherehani yenyewe.