Njia ya Siku Zote Haina Alama

Wahenga walinena kwamba njia ya siku zote haina alama. Aliyeizoea njia hahitaji jiwe wala mti wa kumwelekeza. Miguu yake inajua. Lakini usemi huo una upande wake wa pili: aliyeizoea njia huacha pia kuziona alama zilizopo. Makala haya yanahusu njia moja ya bara, mbali na pepo za kusi na kaskazi, na alama zake zinazomomonyoka machoni pa wapitao.

Sisi wa mwambao na visiwani tumezoea kuisoma historia katika mawe na chokaa. Ukiishika Njia Kuu ya Lamu, au ukijipenyeza katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, kila hatua chache utakuta baraza, msikiti, au mlango wa nakshi unaokusimulia waliopita. Msomaji wa mitaa hiyo akifika Kasense, kata mojawapo ya Manispaa ya Sumbawanga, asione ukuta wa matumbawe, huenda akadhani hapana la kusomwa. Tena jina lenyewe la Sumbawanga hutajwa pwani kwa mzaha wa uchawi, ilhali wenyeji wengi hulieleza kuwa na maana ya kuutupa uchawi huo.

Hebu tuitazame Ufipa kama mji. Barabara yake kuu inapita juu ya uwanda: kutoka Tunduma kupitia Laela hadi Sumbawanga, kisha kaskazini kuelekea Mpanda. Vichochoro vyake ni mapito yanayoteremka pande mbili. Magharibi, njia ya Matai inashuka hadi Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika, na kaskazini zaidi yako mapito ya Kipili na Kirando. Mashariki, njia inavuka milima ya Mbizi na kutumbukia Muze, katika bonde la Ziwa Rukwa. Sumbawanga iko karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maziwa yote mawili yako karibu meta 800. Basi kichochoro kimoja cha Ufipa ni mteremko wa meta 1,000.

Alama ya kwanza ya mji huu ni Milansi, kijiji kilicho chini ya mlima Itweelele. Mapokeo ya Wafipa, aliyoyachunguza mwanaanthropolojia Roy Willis tangu miaka ya 1960, yasema kuwa Ntatakwa, mtawala wa kwanza, aliasisi makao yake hapo. Siku moja alipokuwa mawindoni, wakaja wanawake watatu wageni, Watwa, nao wakakabidhiwa kigoda cha enzi. Ntatakwa aliporejea, hapakupiganwa vita, bali palifungwa mapatano: wageni watawale nchi, Milansi ibaki na mlima wake na heshima ya ibada. Baadaye Watwa waligawanyika wakawa na dola mbili, Nkansi na Lyangalile, lakini Milansi haikuhama. Wapitao walipewa nchi, waliokaa wakabaki na mlima. Huo ndio mkataba ulioiweka njia na alama yake pamoja.

Alama ya pili ni malungu, tanuri za kuyeyushia chuma. Ilungu lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, likasimama kama meta 3, kumpita mtu mrefu. Halikuvukutwa: hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini, moto ukajivuta juu. Chuma kilichotoka kilisafishwa tena katika tanuri dogo la mivukuto, kintengwe, kabla ya kufikia nyundo ya mhunzi. Tanuri jipya lilipambwa kama bibi harusi, na mafundi walijitenga na wake zao hadi kazi ikamilike, kwa kuwa kuzaliwa kwa chuma kulihesabiwa uzazi. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Kitanzania, ameonyesha kuwa huko Nkansi malungu ni mtindo mmoja tu kati ya mitatu ya uyeyushaji iliyowahi kutumika.

Je, moto huo ulizimwa na nani? Hapa ndipo sisi wa pwani hatuna budi kujitazama. Wafipa walifuma pia nguo nzito za pamba. Misafara iliyopanda kutoka mwambao kufuata pembe ilibeba marekani, nguo nyepesi ya bei nafuu iliyopitia forodha ya Unguja. Ukoloni ukafuata, nalo jembe la dukani likashindana na jembe la ilungu. R. Greig alipochapisha maelezo yake juu ya uyeyushaji wa Ufipa mwaka 1937, kazi hiyo ilikuwa ikielekea kuwa kumbukumbu. Faida iliyojenga baadhi ya nyumba zetu za mawe ilitembea katika njia zilezile zilizofifisha vitanda vya mfumi wa Ufipa.

Hata sheria imetuelemea sisi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliilinda milango na miimo iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Kwa majengo, iliweka mpaka wa nyuma zaidi, katika karne ya 19. Hivyo mlango wa mwaka 1930 ulipata ulinzi kwa umri wake, lakini ilungu la mwaka 1910 haukulipata, isipokuwa litangazwe mahsusi na waziri. Nalo ni udongo. Mvua hulila kila masika, mizizi hulipasua, na mkulima anayepanua shamba haoni sababu ya kulizunguka.

Sisemi milango yetu iachwe ioze. Nasema malungu yahesabiwe, yaandikwe kwa majina yake ya Kifipa, kisha yatangazwe. Na kwa kuwa jarida hili ni la wapenda mashairi, nitaongeza jambo moja. Uyeyushaji uliendeshwa kwa nyimbo, na wazee waliowahi kuziimba mbele ya moto halisi wamekwisha kututoka. Baadhi ya watoto na wajukuu wao bado wapo. Atakayepanda Ufipa msimu huu wa kiangazi na achukue kinasa sauti, aulize kwanza yalipo malungu, kisha aulize yaliimbiwa nini.