Viongezwa vya Mimea katika Chakula cha Kuku wa Nyama

Kiongezwa cha mimea ni kitu kitokanacho na mmea kinachotiwa kwa kiasi kidogo katika chakula au maji ya mifugo ili kuboresha usagaji wa chakula, afya ya utumbo, ukuaji wa mnyama au ubora wa nyama yake. Chaweza kuwa majani makavu yaliyosagwa, mbegu, gome au mzizi. Chaweza pia kuwa mafuta ya kunukia yaliyokenekwa kwa mvuke, au dondoo nzito inayopatikana kwa kuuloweka mmea katika kimiminika kinachotoa utomvu wake. Kwa Kiingereza huitwa phytogenic feed additive, na neno la kwanza limejengwa juu ya phyton, yaani mmea kwa Kigiriki. Wapo wanaolitohoa na kusema fitojeniki, lakini mfugaji asiyelijua neno la asili hapati fununu yoyote ya maana yake.

Maneno yaliyokwisha kuzoeleka madukani hayatoshi. Kirutubisho ni kitu kinachomlisha mnyama: protini, vitamini, madini. Mafuta ya karafuu yanayotiwa gramu 200 katika tani nzima ya chakula hayamlishi kuku chochote cha kuhesabika. Dawa nayo hutolewa kwa ugonjwa unaojulikana, kwa dozi na kwa siku maalumu, ilhali kiongezwa huliwa na kuku mzima kila siku. Kichocheo cha ukuaji ni jina lililokwisha kushikwa na viuavijasumu na homoni. Baina ya kiongeza na kiongezwa, la kwanza hutaja kile kinachoongeza na la pili kile kinachotiwa juu ya kingine. Kwa kuwa matokeo ya mimea hii hayana uhakika wa kila mara, ni salama zaidi jina litaje kitendo cha kutia kuliko kuahidi ongezeko. Ndiyo sababu makala hii inatumia kiongezwa cha mimea.

Mmea mmoja waweza kuwa chakula au kiongezwa, kutegemea kiasi na kusudi. Majani makavu ya mlonge yana protini ipatayo robo ya uzito wake. Yakitiwa kilo 50 katika tani ili kupunguza soya au dagaa, hayo ni malighafi ya chakula kama yalivyo mashudu ya alizeti. Dondoo ya majani hayohayo ikitiwa kwa gramu chache kwa sababu ya kemikali zake, hicho ni kiongezwa. Kwa kawaida mafuta ya kunukia hutumika kati ya miligramu 50 na 500 kwa kila kilo ya chakula. Unga wa viungo huhitajika kwa wingi zaidi, mara nyingi kati ya gramu 5 na 20 kwa kilo, kwa kuwa sehemu kubwa ya unga huo ni nyuzinyuzi na wanga.

Haja ya viongezwa hivi ilitokana na historia ya viuavijasumu. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Robert Stokstad na Thomas Jukes wa maabara ya Lederle nchini Marekani walikuwa wakitafuta chanzo rahisi cha vitamini B12. Waliwalisha vifaranga masalio ya uchachushaji yaliyobaki baada ya kutengeneza kiuavijasumu kiitwacho aureomycin, na vifaranga hao wakakua kuliko ilivyotarajiwa kwa vitamini peke yake. Ilibainika kwamba chanzo ni mabaki ya kiuavijasumu chenyewe. Tangu hapo viuavijasumu vya kiasi kidogo vikawa sehemu ya kawaida ya chakula cha kuku katika nchi nyingi.

Gharama yake ilijitokeza baadaye. Bakteria wanaokutana na dawa kidogo kidogo kila siku hujenga usugu, na usugu huo waweza kuhamia kwa bakteria wanaomdhuru binadamu. Tanzania tatizo hili hujulikana kwa kifupi UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Sweden ilipiga marufuku viuavijasumu vya kukuzia mifugo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukaondoa vya mwisho tarehe 1 Januari 2006. Marekani ilizuia kuanzia mwaka 2017 matumizi ya kukuzia ya dawa zilizo muhimu kwa tiba ya binadamu, na China ikafuata mwaka 2020. Watengenezaji wa chakula cha mifugo walilazimika kutafuta badala: bakteria rafiki, asidi za kikaboni, vimeng'enya, na mimea.

Mimea inayotumika zaidi ni ile yenye kemikali kali. Oregano na thaimu, za jamii moja na mnanaa, zina karvakroli na thimoli. Mdalasini una sinamaldehaidi, manjano yana kurkumini, pilipili ina kapsaisini, na pilipili manga ina piperini. Kitunguu saumu hutoa alisini pale punje inapopondwa, kwa maana kabla ya hapo kemikali hiyo haijaundika. Karafuu ina yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta yake. Mafuta hayo si lazima yatoke kwenye karafuu yenyewe, kwani makonyo na majani ya mkarafuu nayo hukenekwa, kazi inayofanyika Pemba katika kiwanda cha makonyo cha Wawi. Kundi jingine ni mimea yenye saponini, kama yuka ya Mexico, na yenye tanini, kama mti wa chestinati.

Kemikali hizi huanzia kazi yake utumboni. Thimoli na karvakroli hupendelea mafuta kuliko maji. Zikimfikia bakteria, hujipenyeza katika utando wake, ambao umejengwa kwa mafuta. Utando hulegea, chembe za madini zilizomo ndani huvuja, na bakteria huishiwa nguvu ya kuendeshea maisha yake. Anayelengwa hasa ni Clostridium perfringens, bakteria anayeishi katika utumbo wa kuku hata akiwa na afya, lakini akizidi hutoa sumu inayoozesha ukuta wa utumbo. Hata hivyo, kiasi kinachoua bakteria katika bomba la maabara mara nyingi huwa kikubwa kuliko kile kinachofika katika utumbo wa kuku aliye bandani. Kwa hiyo kuua bakteria hakuwezi kuwa maelezo pekee.

Maelezo mengine yamo katika ukuta wa utumbo wenyewe. Sehemu ya ndani ya utumbo mwembamba imejaa vijidole vidogo mno vinavyofyonza lishe. Katika utumbo wenye afya vijidole hivyo ni virefu, na mashimo yaliyo kwenye mashina yake ni mafupi. Utumbo ukishambuliwa, vijidole husinyaa na mashimo huchimbika zaidi, kwani mwili hutumia nguvu kutengeneza seli mpya badala ya kujenga nyama. Ndiyo maana watafiti hukata kipande cha utumbo, hukipaka rangi na kupima chini ya hadubini uwiano wa urefu wa kijidole na kina cha shimo. Viungo vikali huweza pia kuchochea nyongo na vimeng'enya vya kongosho, jambo lenye uzito kwa kuku, ambaye chakula hupita mwilini mwake kwa saa chache tu.

Ladha haina nafasi kubwa kama inavyodhaniwa. Kuku ana vionjo vichache sana mdomoni akilinganishwa na binadamu, na kipokezi kinachomfanya mtu ahisi moto wa pilipili hakiitikii kapsaisini kwa ndege. Kuku aweza kula chakula chenye pilipili bila kuwashwa. Uchungu ni jambo jingine: mwarobaini mwingi humfanya apunguze kula, na chochote ambacho kiongezwa kingeleta hupotea hapo.

Nje ya utumbo, kemikali za thaimu au rozimari zinazofika kwenye misuli huchelewesha kuchacha kwa mafuta ya nyama inapohifadhiwa. Dondoo ya yuka hutumika kupunguza amonia inayotoka katika kinyesi. Amonia hiyo ndiyo hewa inayochoma macho ya anayeingia katika banda lenye maranda mabichi, na huumiza njia ya hewa ya kuku.

Faida kwa mfugaji hupimwa kwa uwiano wa chakula na uzito. Tuseme kuku anafikia kilo 2 baada ya kula kilo 3.2, yaani uwiano wa 1.6. Kiongezwa kikiushusha hadi 1.55, kila kuku ataokoa gramu 100 za chakula, na kuku 1,000 wataokoa kilo 100, mifuko miwili ya kilo 50. Bei ya mifuko hiyo ikiwa chini ya bei ya kiongezwa, hakuna faida hata kama kuku wamependeza. Matokeo ya majaribio nayo hupishana. Tofauti huonekana zaidi mahali ambapo kuku wamesongamana, maranda yametumika tena au chakula ni kigumu kusagika. Katika banda safi la chuo cha utafiti, kuku wenye kiongezwa na wasio nacho huweza kulingana kabisa. Jaribio la kuaminika huwa na kundi lisilopewa kitu, kundi lenye kiongezwa, na vizimba kadhaa kwa kila kundi, kwa maana kizimba kimoja chaweza kufanya vizuri kwa sababu ya kukaa karibu na dirisha.

Utengenezaji una masharti yake. Mafuta ya kunukia huruka, na chakula cha punje hupitishwa kwenye mvuke wa nyuzi joto 70 hadi 85. Kwa hiyo viwanda huyafunika mafuta ndani ya chembe za wanga au mafuta magumu. Gamba hilo huyalinda na joto, na pia huyafikisha mbali zaidi katika utumbo badala ya kufyonzwa yote mwanzoni. Anayechanganya mwenyewe chakula cha unga huwa na shida nyingine, ya kutawanya gramu 200 katika tani. Huzichanganya kwanza na kilo 2 za pumba laini, mchanganyiko huo huutia katika kilo 20 za mahindi yaliyoparazwa, ndipo huuingiza katika tani. Akizimwaga moja kwa moja, baadhi ya kuku watakula nyingi na wengine hawatakula kabisa.

Asili ya mimea haimaanishi usalama. Nguvu ya mmea hubadilika kwa aina, udongo, majira ya kuvuna na namna ya kukausha, hivyo mifuko miwili ya unga wa thaimu yaweza kutofautiana sana. Mlonge ukizidi hurudisha ukuaji nyuma. Afrika Mashariki wafugaji wengi huwapa kuku maji ya shubiri, mwarobaini, pilipili au kitunguu saumu kunapozuka ugonjwa. Desturi hiyo ni matumizi ya tiba, wala haiwezi kuchukua nafasi ya chanjo ya mdondo, ugonjwa wa virusi usio na tiba. Kwa kuhara damu kunakoletwa na koksidia, hata Ulaya iliyopiga marufuku viuavijasumu vya kukuzia bado inaruhusu dawa maalumu za kuzuia koksidia katika chakula.

Kisheria, Kanuni namba 1831 ya mwaka 2003 ya Umoja wa Ulaya inagawa viongezwa katika makundi matano. Bidhaa nyingi za mimea zimesajiliwa katika kundi la hisi, kama vitu vya kutia ladha na harufu. Anayetaka kudai kwamba bidhaa yake inaboresha ukuaji hana budi kuisajili katika kundi la uzalishaji, ambako hutakiwa kuthibitisha dai hilo kwa majaribio ya kuku hai. Lebo yenye maana kwa mnunuzi hutaja jina la mmea, sehemu iliyotumika, kiasi cha kemikali kuu, kipimo kwa tani ya chakula na umri wa kuku wanaokusudiwa. Lebo inayosema "mitishamba asilia" peke yake haimwambii chochote kati ya hayo.