Cusco: muji wa kale juu ya milima, na mito yake yenye maji makali

Cusco ni muji wa inchi ya Peru, katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Uko karibu metre 3 400 juu ya bahari. Mukaaji wa Goma ataelewa haraka: ncha ya Nyiragongo iko kwenye metre 3 470. Ni kama muji muzima, na masoko, makanisa na teksi zake, ungejengwa karibu na kilele cha Nyiragongo. Njo maana vijana wenye kufika pale na mifuko mugongoni, marafiki wanne ao watano, wanashangaa kwanza kitu kimoja: ngazi za otele zinawakatisha pumzi.

Hewa ni ile ile, lakini presha yake imeshuka. Kila pumzi inaleta kama theluthi mbili tu ya oksijeni ya pwani. Kichwa kinauma, chakula hakipendezi, usingizi unakatika. Nguvu za mwili hazikingi. Hata mucheza mupira anapatwa. Shida ni kwamba wengi wanatoka Lima, pembeni ya bahari, na ndege inawapandisha kwa muda wa saa moja na kidogo. Wenye akili wanateremuka kwanza bondeni, Ollantaytambo, karibu metre 2 800, wanalala pale siku mbili, kisha wanarudi Cusco. Wenyeji wanawapa chai ya majani ya koka, ambayo pale inaruhusiwa. Usiweke majani hayo katika mufuko wa kurudi nayo: inchi nyingi zinayahesabia kuwa dawa ya kulevya.

Katika kundi, hatari kubwa ni aibu. Mumoja anaumwa, anaficha ili asicheleweshe wenzake. Lakini mutu akianza kuyumba kama mulevi, kuchanganyikiwa, ao kukosa pumzi hata akiwa ameketi, musingoje asubuhi. Ubongo wake unavimba ao mapafu yanajaa maji, na anaweza kufa. Ashushwe chini saa ile ile, na asiende peke yake.

Muji wenyewe ulikuwa makao makuu ya ufalme wa Inca. Mufalme Pachacuti aliujenga upya katika karne ya 15, na Wahispania waliuingia mwaka wa 1533. Walijenga juu ya kuta walizozikuta: nyumba ya watawa ya Santo Domingo imekaa juu ya Koricancha, hekalu la jua. Tetemeko la tarehe 21 Mei 1950 lilibomoa sehemu kubwa ya majengo ya Wahispania, lakini kuta za Inca zilibaki zimesimama, na zingine zilizofichwa zikaonekana tena. Mawe yake yalichongwa mpaka yakashikana bila udongo wala simenti. Kule Sacsayhuamán, juu ya muji, kuna yenye kupita tani 100. Wakaaji wengi wanasema Kikechua mpaka leo. Na viazi vyetu vya Masisi na Lubero, ambavyo wengine wanaviita vya kizungu, asili yao ni milima hii ya Andes. Ulaya ilikuwa njia tu.

Sasa muto. Watu wanapanda mutumbwi wa mupira wenye kujazwa hewa, kila mutu na kasia yake, na kiongozi nyuma anapiga amri. Ukali wa maji unahesabiwa kutoka daraja la I mpaka VI. Muto Urubamba, upande wa Cusipata, uko na daraja la II na III: wenye kuanza wanaweza. Usimeze maji yake, juu muto unapokea uchafu wa miji. Apurímac ni kitu kingine: korongo refu, siku tatu ao ine, maji yanafika daraja la V. Maji hayo yanaenda Amazon, muto pekee wenye kupita Kongo yetu kwa wingi wa maji.

Mbele ya kulipa, tazama vitu: kaske, jile yenye kukubana vizuri, kamba ya kurushia, na kayaki ya kuokoa watu yenye kufuatana nanyi. Jile iliyofunguliwa haisaidii. Inavuka kichwa na kwenda zake. Siye wenye kupanda meli za Ziwa Kivu tunajua vizuri bei ya kukosa jile, tangu msiba wa Oktoba 2024 mbele ya Goma. Ukianguka, lala mugongo, miguu mbele, vidole juu ya maji. Usijaribu kusimama: muguu ukinaswa kati ya mawe, maji yanakulaza na kukufunika.

Kuanzia Disemba mpaka Machi mvua inajaza mito, na viongozi wazuri wanakataa sehemu zingine. Februari njia ya miguu ya kwenda Machu Picchu inafungwa ili itengenezwe. Juni mpaka Agosti ni kiangazi, lakini usiku baridi inafika sufuri. Tarehe 24 Juni ni Inti Raymi, sikukuu ya jua, na vitanda vinajaa: kundi lenye kutaka kulala chumba kimoja liagize miezi mbele.