Wala Shaba wa Katanga na Mafunzo ya Kazi Likasi

Katika Katanga, nchi ya vilima vya shaba, ambayo mji wake wa Likasi uliitwa Jadotville zama za Wabelgiji, elimu ya madini ilikuwako dahari nyingi kabla kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga haijaundwa mwaka 1906. Na wenye elimu hiyo walikuwa mafundi walioitwa wala shaba, ambao misalaba yao ya shaba, iliyotumika kama fedha, ni ya namna ile ile iliyofukuliwa katika makaburi ya kale ya Sanga, karibu na ziwa Kisale.

Mafundi hao hawakuwa na darasa. Mavuno ya mtama yakiisha na kiangazi kikiingia, walihamia machimboni pamoja na jamaa zao, wakatambikia wahenga, kisha kila mtu akashika kazi iliyolingana na umri wake: wanawake na watoto wakiokota mawe ya kijani juu ya ardhi, wanaume wakiteremka mashimoni. Mwanagenzi aliyekwisha kukubaliwa alisogezwa kwenye tanuri lililojengwa kwa udongo wa kichuguu, akavukuta mivukuto ya ngozi mpaka mikono ikamfa ganzi, huku macho yake yakimwandama fundi mkuu; maana ni nani awezaye kueleza kwa maneno tu dakika ambayo shaba imeiva, tayari kumiminwa katika kalibu? Sharti aione. Nami nayastahi sana mafunzo yale kwa sababu mtoto aliyeokota jiwe aliishi kuuona msalaba unaotoka katika jiwe lile, na hapakuwa na hatua ya kazi iliyofichwa machoni pake.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini matanuri hayo yalizimika. Kampuni nayo ilifundisha kazini, walakini kwa namna nyingine. Mkulima aliyeletwa kutoka Kasai au Rwanda alisimama kando ya mwenzake aliyemtangulia, akaiga mikono yake, na aghalabu akajifunza Kiswahili papo hapo, katika kelele za mitambo. Tangu mwaka 1928 hivi, kampuni ilipoanza kuwaweka wafanyakazi kwa mikataba ya miaka mitatu pamoja na wake zao, ilipata watu wa kukaa hata wakawa mafundi. Na kiwanda cha Shituru, huko Likasi, ambako shaba ilisafishwa kwa asidi na umeme tangu 1929, kilihitaji watu wa namna hiyo. Lakini kila mmoja alipewa kipande chake tu cha kazi. Kazi nzima, pamoja na hesabu zake, ilibaki kwa wahandisi wa Kizungu, na hali ilikuwa hivyo hata uhuru ulipofika mwaka 1960.

Kipande hicho, hata hivyo, walikijua barabara, na thamani yake waliijua pia. Desemba 1941, shaba ya Katanga ilipokuwa ikihitajiwa mno vitani, wafanyakazi Waafrika wa Jadotville na Élisabethville waliacha kazi wakidai nyongeza ya ujira, na askari wakawafyatulia risasi.