Msonobari wa Hiroshima na Mikono Iliyoulea

Julai 1976, Marekani ilipokuwa ikisherehekea miaka 200 ya uhuru wake, Japani iliikabidhi rasmi zawadi: miti 53 ya bonsai, yaani miti midogo inayolelewa chunguni, iliyochaguliwa na chama cha wakuza bonsai wa Japani. Ndiyo iliyozaa Makumbusho ya Taifa ya Bonsai na Penjing jijini Washington, ndani ya bustani kubwa ya miti ya serikali. Mwaka 2026 makumbusho hayo yanatimiza miaka 50, na mti unaotajwa kuliko yote iliyomo ni msonobari mweupe mmoja, mnene wa shina, unaoishi katika chungu kisicho na kina.

Umelelewa chunguni tangu mwaka 1625.

Wakati huo Japani ilitawaliwa na shoguni Tokugawa Iemitsu, ambaye mwenyewe alikuwa mpenzi mkubwa wa bonsai; msonobari unaohusishwa naye bado unatunzwa katika kasri la kifalme mjini Tokyo. Sanaa yenyewe ni kongwe zaidi ya hapo. Asili yake ni China, inakoitwa penjing, na ambako kaburi la mwanamfalme lililochorwa mwaka 706 linamwonyesha mtumishi akibeba sinia lenye mandhari ndogo ya mimea. Watawa na wasafiri waliipeleka Japani, na kufikia mwaka 1309 miti ya chunguni ilikuwa imeshaingia katika michoro ya Wajapani.

Msonobari huu ni wa aina ya Miyajima, jina la kisiwa kilicho karibu na Hiroshima. Ukoo wa Yamaki, wakuza bonsai wa mji huo, uliurithishana kwa vizazi visivyopungua sita. Agosti 6, 1945, saa mbili na robo asubuhi, bomu la atomiki lilipolipuka juu ya Hiroshima, mti ulikuwa nje kitaluni, nyuma ya ukuta mrefu, umbali wa takribani kilomita tatu kutoka penye mlipuko. Masaru Yamaki na jamaa zake walikuwa ndani. Vioo vya madirisha vilipasuka na vipande vyake vikawachanja, lakini walipona. Ukuta nao uliukinga mti. Mjini, watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa kufikia mwisho wa mwaka huo.

Wasimulizi wengi huishia hapo: mti ulionusurika bomu. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Hiroshima ya mwezi Agosti ni joto kali, na udongo wa chungu kifupi hukauka haraka. Mti uliookolewa na ukuta asubuhi ile ungeweza kufa kwa kiu wiki hiyohiyo. Haukufa kwa sababu katika mji ulioteketea, familia iliyojeruhiwa ilikuwa bado inaishughulikia miti yake. Hicho ndicho kisa kinachostahili kusimuliwa kwa sauti ileile inayosimulia mlipuko.

Anayetaka kukielewa lazima aujue mwaka wa msonobari wa chunguni, maana hauna mwezi wa mapumziko kwa anayeulea.

Mwaka huanza mwishoni mwa baridi, kabla machipukizi hayajaamka. Kila baada ya miaka kadhaa, mti hung'olewa chunguni, mizizi iliyosongamana huchambuliwa na sehemu yake kukatwa, kisha mti hurudishwa katika udongo mpya wa chembechembe zinazopitisha maji. Mizizi ikipunguzwa ovyo mti hunyauka. Isipopunguzwa kabisa hujibana hadi maji yasipenye. Machipukizi yanaporefuka kama mishumaa, mtunzaji huyafupisha kwa vidole kabla sindano hazijafunguka, moja baada ya jingine, ili nguvu isikimbilie kileleni na kuyaacha matawi ya chini yakidhoofika. Tawi la chini la bonsai likifa, hakuna njia rahisi ya kulirudisha. Umbo lililojengwa kwa karne nzima huwa limevunjika.

Majira ya joto ni ya maji. Kuna siku za kumwagilia mara mbili, na siku za kujizuia, kwa kuwa msonobari mweupe huchukia mizizi iliyolowa muda wote. Ndiyo maana walimu wa sanaa hii humfundisha mwanafunzi kumwagilia kabla ya kumkabidhi mkasi, na husema kujua kumwagilia tu huchukua miaka mitatu. Chungu nacho hugeuzwa mara kwa mara ili kila upande upate jua.

Majani ya miti mingine yanapopukutika, sindano kuukuu za msonobari huondolewa, mwanga upenye hadi ndani. Huu pia ni wakati mzuri wa kufunga waya. Zamani matawi yalivutwa kwa kamba. Siku hizi huzungushiwa waya wa shaba au alumini, yakakunjwa kidogo kidogo kuelekea yanapotakiwa. Waya ukisahaulika, gamba la mti huvimba juu yake na kubaki na kovu la miaka mingi. Baridi inapofika, mti haupaswi kuingizwa ndani kwenye joto la nyumba, kwa sababu msonobari unahitaji usingizi wa baridi. Unachohitaji ni kukingwa na upepo mkavu, na mizizi isigande kupita kiasi, kwa kuwa udongo wa chunguni ni mchache kuliko ule wa ardhini.

Mzunguko huo ulikuwa umerudiwa mara 320 wakati bomu linaanguka.

Yamaki aliporidhia kuutoa msonobari wake kwa nchi iliyoushambulia mji wake, hakueleza mahali ulipokuwa mwaka 1945. Waliochangia walikuwa wengi, familia ya kifalme ikiwemo, na mwakilishi wa upande wa Marekani katika mazungumzo alikuwa John Creech, mkurugenzi wa bustani ya Washington na mtafutaji mashuhuri wa mimea ya Asia. Miti ilisafirishwa kwa ndege mwaka 1975, mwaka mmoja kabla ya sherehe. Sheria za Marekani kuhusu wadudu na magonjwa ya mimea ni kali, na hata zawadi ya kitaifa haikusamehewa: miti iliwekwa karantini kwa takribani mwaka mzima huko Glenn Dale, Maryland. Mtu aliyekabidhiwa kuilea alikuwa Robert Drechsler, ambaye akawa msimamizi wa kwanza wa mkusanyiko huo na kubaki nao hadi miaka ya 1990.

Kwa robo karne, wageni walipita mbele ya msonobari wa Yamaki wakiusifu kwa umri na umbo lake tu. Machi 2001, vijana wawili kutoka Japani walifika makumbushoni wakiutafuta. Walikuwa wajukuu wa Masaru Yamaki, waliokua wakisikia habari za mti huo bila kuuona. Kupitia mkalimani, ndio waliowaeleza wafanyakazi kwamba mti waliokuwa wakiumwagilia miaka yote hiyo ulikuwa Hiroshima siku ya bomu. Tangu hapo umekuwa nembo ya amani, na magazeti ya dunia yameuandika mara nyingi.

Habari za baada ya hapo ni chache. Wasimamizi wamebadilishana, na mfuko wa kibinafsi ulioanzishwa mwaka 1982 unaendelea kuchangisha fedha za kuyasaidia makumbusho. Kwa mwandishi wa habari, mwaka ambao mti umemwagiliwa vizuri hauna tukio.

Hapo ndipo penye dhuluma. Hotuba za maadhimisho zitazungumzia urafiki wa mataifa mawili, na ni haki zizungumzie. Ila urafiki haufupishi machipukizi wala haukagui waya. Mlezi wa bonsai wa kiwango hiki huandaliwa kwa miaka; Japani mwanafunzi hukaa kwa mwalimu wake miaka mitano au zaidi kabla ya kuaminiwa na miti mikongwe. Makumbusho yanayobana nafasi za watu hao huuhatarisha mti kuliko yale yanayokosa wageni. Mti wenyewe hutambulishwa kwa mwaka ulioanza kulelewa na jina la Yamaki aliyeutoa. Majina ya Drechsler na waliomfuata nayo yaandikwe hapohapo, na maadhimisho ya miaka 50 ndiyo wakati wake.