Pembe ya Baruti Katika Unyevu wa Nzoia

Baruti haipatani na Bunyala. Mto Nzoia unamwaga maji yake hapa ziwani, kinamasi cha Yala kiko kusini yetu, mafunjo yametuzunguka, na msimu wa masika hata chumvi ya jikoni hutoa machozi. Aliyebeba gobori huku miaka ya 1880 alipambana na unyevu kabla ya kupambana na mtu. Ule mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa ukinyonya maji kidogo tu, bunduki inageuka rungu. Ndiyo sababu, katika yote yaliyoletwa na misafara ya pwani, kilichonishika mimi ni pembe ya kubebea baruti.

Mimi ni seremala. Maisha yangu yote nimetengeneza milango, vitanda na majeneza kando ya barabara ya Port Victoria, na habari za zamani nilianza kuzisikia kwa kukhu, mama yake baba yangu, kabla sijaingia darasani. Kukhu alisimulia juu ya watu wa kanzu waliopita na bunduki. Shuleni tukafundishwa kuhusu wafalme, mikataba na reli. Hakuna aliyeniambia baruti ilikaa ndani ya nini, nani alikitengeneza chombo hicho, wala alitumia kifaa gani. Mtu wa kazi za mikono anapokosa jibu la namna hiyo hawezi kukaa tu. Nikaamua kuchonga pembe moja, kisha nyingine.

Misafara yenyewe inajulikana. Mwishoni mwa 1883 msafiri Mzungu Joseph Thomson alifika Kwa Sundu, mji tunaouita Mumias leo, baada ya kusafiri sehemu ya njia na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani. Desemba akashuka hadi ziwani upande wa Samia. Wafanyabiashara wa pwani waliendelea kuja, na Nabongo Mumia, mtawala wa Wanga, akafanya urafiki nao. Silaha ya kawaida ya misafara hiyo ilikuwa gobori, bunduki ya kujazwa kwa mdomoni. Unamimina baruti kwenye mtutu, unatia kitambaa na risasi, unashindilia kwa mdeki, kisha unaweka fataki, au unategemea cheche ya gumegume. Kwa kila mlio mmoja, mkono lazima uende kwenye pembe kwanza. Wengine walitumia kibuyu, na kibuyu ni kizuri, lakini kikianguka kwenye jiwe safari yako imekwisha. Pembe haivunjiki kirahisi, haipitishi maji, haishiki kutu, na ikigongana na chuma haitoi cheche.

Ng'ombe wetu wa kienyeji wana pembe fupi, nyeusi na nyembamba. Zinatosha kwa ugoro. Kwa baruti ya safari ndefu unatafuta kitu kikubwa zaidi, basi shemeji yangu anayeishi Busia ya Uganda huniwekea pembe za ng'ombe wa Ankole kutoka bucha la jirani yake. Huwa anacheka akinikabidhi, kwa sababu kule mafundi wanazigeuza vifungo, vitana na vikombe vya kuuzia watalii, na mimi nazibeba kwenye bodaboda nikiwa na nia ya kutengeneza kitu ambacho hakina mnunuzi.

Kazi huanza na uvundo. Ndani ya pembe kuna mfupa, na kati ya mfupa na pembe kuna nyama ambayo lazima ioze au ichemke ndipo viachane. Niliziloweka kwenye ndoo nyuma ya choo, mbali na nyumba, mpaka siku moja nilipogonga pembe kwenye gogo na mfupa ukachomoka wenyewe kama kisu kwenye ala. Kuanzia hapo unabaki na gamba tupu, chafu kwa nje, wazi upande mmoja na gumu kabisa upande wa ncha.

Ncha hiyo ndiyo mtihani. Uwazi wa ndani haufiki mwisho. Sehemu ya mbele ni pembe tupu, na lazima uitoboe ukutane na uwazi, ukifuata mpindo ambao keekee haiwezi kuuona. Fundi wa kwetu hujifunza mbao kwa macho, lakini hapa macho hayasaidii. Unaingiza waya ndani mpaka ugote, unauchomoa, unaulaza kwa nje kufuata mpindo ule ule, ndipo unajua uwazi unaishia wapi na ukate ncha kiasi gani. Nimetoboa kwa keekee, nikatoboa pia kwa waya uliokolezwa motoni, kama nadhani walivyofanya watu wasiokuwa na keekee. Waya wa moto ni mpole zaidi. Unanuka nywele zilizoungua, unakwenda polepole, lakini unakubali kupinda pamoja na pembe.

Upande mpana nao una ukaidi wake: si duara. Unachemsha pembe hadi ilainike, unasukuma ndani gogo lililochongwa mviringo, unaacha ipoe likiwa humo. Ikipoa imeshika umbo. Kisha unachonga kizibo cha mbao kinachokaza, unakizungushia nta ya nyuki, unakifunga kwa vijiti vidogo. Misumari ya chuma sitaki, maana shura hula chuma. Waya wa shaba unafaa, na waya wa shaba ulikuwa bidhaa ya misafara ile ile. Kwa tundu la ncha nimechonga kizibo cha mti mwepesi wa kinamasini, ule ambao wavuvi wa Nyanza waliutumia kwa maboya kabla ya plastiki.

Halafu unakwangua kwa kipande cha chupa. Sehemu hii naipenda kuliko zote. Tabaka za nje zinatoka nyembamba kama karatasi, na pembe ya rangi nyepesi inaanza kupitisha mwanga. Ukiijaza ulezi na kuiinua juani, unaona kivuli cha ulezi kimefika wapi. Aliyeibeba aliweza kujua amebakiwa na milio mingapi bila kuifungua mvuani. Jambo hilo sikuwahi kulisoma popote; nililiona mkononi mwangu.

Mzee mmoja wa Mukhobola alinikuta nikikwangua, akaniuliza, "Fundi, hiyo utampulizia nani?" Nikamwambia, "Sipulizi, mzee. Hii ni ya baruti." Akaishika muda mrefu, akaigeuza, kisha akauliza swali ambalo limenifanya nisome upya historia yote: "Mbona Wazungu hawakubeba?"

Hawakubeba kwa sababu miaka hiyo wao walikuwa na bunduki za kujazwa kwa nyuma, ambazo risasi na baruti vimefungwa pamoja katika ganda moja la shaba. Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba uliozuia silaha za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi 22 kusini. Kilichoweza kuruhusiwa kuuzwa kwa Mwafrika ni gobori la gumegume na baruti ya kawaida, tena kutoka ghala lililosimamiwa na serikali. Mkataba huo ulijieleza kuwa wa kukomesha biashara ya utumwa, na biashara hiyo ilistahili kukomeshwa. Lakini tazama ulimwacha nani na pembe kiunoni. Askari wa dola aliingiza risasi kavu katika kufumba na kufumbua, na mtu wa hapa akaendelea kumimina, kushindilia na kuomba mvua isinyeshe.

Tofauti hiyo ilionekana karibu nasi. Mwaka 1894 Wabukusu waliangamiza kikosi cha askari wa Kisudani waliotumwa kutoka kituo cha Mumias kwenda kunyang'anya bunduki zilizokuwa mikononi mwao. Mwaka uliofuata C. W. Hobley, afisa wa Kiingereza, alikuwamo katika msafara mkubwa wa kulipiza kisasi, na ngome za Lumboka na Chetambe zikaanguka. Watu wengi walikufa Chetambe, na huwa siwezi kupita Webuye bila kuwakumbuka. Wakati huo sisi sote tulihesabiwa Uganda. Ni mwaka 1902 ndipo mkoa huu ulipohamishiwa upande unaoitwa Kenya leo.

Kwetu sijaona pembe ya zamani hata moja. Nzoia imefurika mara nyingi na kuondoka na nyumba, ng'ombe na masanduku ya wazee, na pembe iliyozibwa huelea. Kwa hiyo ninazotengeneza siziiti nakala. Nazijaza ulezi mkavu, nazifunga, nazizamisha kwenye ndoo ya maji kuanzia jioni hadi asubuhi, halafu namwaga ulezi kwenye karatasi na kuupima kwa vidole. Kizibo cha upande mpana kimeshatulia. Cha ncha bado kinapitisha tone moja au mawili, na nimemwagiza shemeji nta zaidi kutoka ng'ambo.